Naomba ushauri: ritifaa (alama ya ') katika maneno ya kutafutia picha
Ndugu zangu, ninauza picha za wafugaji mtandaoni, na nimegundua kwamba zile nilizoziwekea neno "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka hazitokei mtu anapotafuta kwa ritifaa iliyopinda, ile ambayo simu yangu huiweka yenyewe, kwa sababu kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, kila moja na namba yake ya utambulisho, U+0027 na U+2019. Picha ya soko la Murang'a niliipata kwa kuandika "Murang" tu, herufi "a" ikiwa imekatwa kama mkia. Je, niandike maumbo yote, pamoja na "ngombe" (ambalo kwa kweli linaniudhi machoni), nikiyatenganisha kwa mkato, au marudio hayo yataonekana kuwa udanganyifu?