Mrejesho: Roboti au laparoskopia ya kawaida kupunguza tumbo?

Niliuliza ipi bora kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: roboti au laparoskopia (daktari hushika mwenyewe vifaa virefu huku akitazama kwa kamera). Asanteni, nimeelewa. Zote hupitia matundu madogo, na kazi ya ndani ni ileile: mrija wa kupimia, mnene kama milimita 12, hupitishwa mdomoni hadi tumboni, kisha stepla (kifaa cha kubana kwa pini) hukata na kubana kandokando yake. Karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huondolewa. Roboti haizuii mshono kuvuja. Haijiendeshi pia, daktari huiongoza akiwa kwenye meza ya kuiendeshea. Faida yake ni vifaa vinavyopinda kama kifundo cha mkono, jambo linalosaidia sana ukuta wa tumbo ukiwa mnene au upasuaji ukiwa wa marudio. Ila muda huongezeka, na bili pia. Kwa upasuaji wa kwanza, ulizeni kwanza daktari ameshafanya wangapi.