Wali uliobaki mnaufanyaje?

Jamani, wali wa jana mnaupikaje upya? Kwangu unakuwa mabonge tu, na kumwaga chakula roho inauma.

– Wali uliolala kwenye friji ndo mzuri wa kukaanga, punje zimekauka hazishikani. Yavunje mabonge kwa mkono kwanza, kaanga kitunguu na karoti, piga mayai mawili humo, tia wali huku moto ukiwa mkali, na maji usiweke kabisa!

– Kweli, ila usiuache mezani usiku kucha, kuna bakteria wanastahimili hata kuchemshwa, weka friji ndani ya masaa 2 alafu upashe mpaka utoe mvuke.

– Kuku akibaki mchambue uchanganye humo humo, mifupa chemshia supu.