Logo moja, bluu tatu: rangi ipi iwe ya msingi?

fundi_logo: Wakuu habari zenu. Nina logo ya mteja, bluu ya kukoza, kwenye skrini inapendeza mno. Juzi kazi zimerudi, bizinesi kadi ziko poa, letahedi imefifia kama imefuliwa, bango ndo kabisa limekuja zambarau, nimezipanga mezani mwenye mali akaziangalia kisha akaniangalia mimi. Na faili nilituma lilelile kote! Rangi niliichagua kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, programu ikaibadilisha yenyewe kwenda CMYK, zile wino nne za kuchapia: sayani, majenta, njano na nyeusi. Sasa nataka nimwandikie mwongozo wa rangi, niandike ipi ndo halali? Pantone, CMYK au ule msimbo wa hex wa rangi ya skrini?

wino_mbichi: Hex iache kwa ajili ya skrini, hiyo ni rangi ya mwanga na karatasi haina taa ndani. Anza na namba ya Pantone, maana ule ni wino unaochanganywa kwa fomula, mchapaji yeyote mwenye kitabu chao cha sampuli za rangi anajua unataka nini. Ila angalia herufi ya mwisho. Mfano bluu namba 286, 286 C na 286 U ni wino uleule, C ni kwenye karatasi ya kung'aa, U ni isiyong'aa, na hiyo ya pili inafyonza wino ndo maana letahedi yako imefifia. Mi huwa nazilinganisha kwa macho, wakati mwingine ya U naipa namba nyingine kabisa ili zifanane zikikaa pamoja.

baba_ofseti: Hiyo zambarau naijua mkuu, itakuwa sayani na majenta vimekaribiana, kitu kama 100 kwa 90. Shusha majenta, acha pengo la asilimia 30 hivi, bluu itarudi. Usiiachie programu ikubadilishie, andika namba za CMYK mwenyewe. Halafu mi na Pantone siendi moja kwa moja, wino wa ziada ni pleti ya ziada, lile bamba la kuchapia, na mashine nyingi za dijito hazina wino huo, zinaigiza tu kwa CMYK. Kwa mteja mdogo, CMYK iliyojaribiwa kwenye karatasi yenyewe inatosha.

wino_mbichi: Iliyojaribiwa wapi sasa? CMYK ileile kwenye mashine mbili inatoa rangi mbili. Weka Pantone iwe rejea, CMYK ifuate, na ongeza namba za Lab kwenye mwongozo, hizo zinataja rangi yenyewe bila kujali mashine, mwenye kifaa cha kupima atakwambia wamekosea kwa kiasi gani.

fundi_logo: Kitabu chenyewe sina, si naweza kuangalia kwenye kompyuta tu?

baba_ofseti: Hapo ndo utarudi tena na bluu tatu. Na tangu 2022 Adobe, wale wa Photoshop na Illustrator, waliondoa maktaba nyingi za rangi za Pantone kwenye programu zao, kuna watu walifungua faili za zamani wakakuta rangi zimekuwa nyeusi. Nenda kwa mchapaji mwenye kitabu, ila kisiwe cha miaka mingi kwa sababu kurasa zinapauka, na muangalie mchana karibu na dirisha, siyo chini ya taa ya njano.

fundi_logo: Sawa wakuu, kesho naenda na ile kadi mkononi. Na bango je, maana lishatundikwa?

baba_ofseti: Lishushe.