Naomba ushauri: usomaji wa sensa unaruka inveta ikiwashwa

Habari wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa mifumo ya udhibiti viwandani.

Nina sensa ya presha inayotuma usomaji kwa mkondo wa umeme wa 4–20 mA kwenda kwenye PLC (kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo). Inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ikianza kuendesha mota ya pampu, namba zinaruka juu chini. Mota ikisimama, zinatulia kabisa. Ndiyo maana sensa yenyewe siishuku. Nashuku kelele za umeme (vurugu zinazoingilia ishara ya sensa) za inveta, maana transista zake hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

Waya wa sensa una ngao (tabaka la chuma la kuzuia kelele hizo), imefungwa athi upande wa paneli tu. Tatizo ni kwamba unapita trei moja ya kupitishia nyaya na kebo ya mota, tena kebo hiyo haina ngao kabisa! Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Nianze na lipi: kutenganisha trei, au kuweka kebo ya mota yenye ngao iliyofungwa athi pande zote mbili? Kuchuja kwa programu ndani ya PLC sitaki, kutachelewesha usomaji, na presha hiyo ndiyo inayozima pampu kwa usalama. Aliyewahi kukutana na hili anielekeze tafadhali.