Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi: mbona haipandi?

Mjumbe wa Kamati
Ndugu wanajukwaa, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijijini hapa Tanzania, yenye wanafunzi 620. Kila Bunge la bajeti tunasikia kwamba elimu imetengewa matrilioni, lakini katika kikao chetu cha mwezi uliopita tulibishana saa nzima kama tununue karatasi za mitihani au tuzibe paa la darasa la tatu, kwa kuwa fedha za uendeshaji hazikutosha vyote viwili. Naomba kueleweshwa: kiwango hiki cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka kilitoka wapi, na matrilioni hayo huishia wapi?

Mwalimu Mstaafu
Kiwango hicho ni cha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kilikuja na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, na kilikusudiwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani, wakati dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Leo fedha hiyo haifiki hata dola 5, ilhali rimu ya karatasi haijui habari za MMEM. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipoleta elimumsingi bila ada kuanzia Januari 2016, fedha zilianza kuingia moja kwa moja katika akaunti za shule, jambo ambalo sisi tuliozoea kuzifuata halmashauri na kurudi mikono mitupu tulilishukuru sana. Kiwango chenyewe, hata hivyo, hakikuguswa.

Mhasibu
Naongezea kwa Mwalimu. Katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na zinazofika shuleni ni 6,000. Kwa wanafunzi 620 hiyo ni 3,720,000 kwa mwaka, yaani 310,000 kwa mwezi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu peke yake iliwekwa 200,000 kwa mwezi (sisemi apunguziwe, nataka tu tuone ukubwa wa mfuko wa shule).

Kuhusu matrilioni, sehemu kubwa ni mishahara ya walimu, ambayo kwa shule zetu hupitia TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa) na halmashauri, si Wizara ya Elimu. Kwa upande wa Wizara, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu huhesabiwa ndani ya bajeti ya maendeleo, kwa hiyo anayesikia neno "maendeleo" akafikiria matofali na madawati anajidanganya. Madarasa nayo hujengwa kwa fedha nyingine: yale 15,000 ya mwaka 2021, yaliyotokana na mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa kukabili UVIKO-19, yalitengewa milioni 20 kila moja. Darasa moja linazidi ruzuku yenu ya miaka mitano, na likishakabidhiwa, paa lake ni mzigo wa hiyo hiyo 310,000.

Jirani wa Kenya
Msitutamani sana. Kwetu mgao wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 za Kenya kwa mwanafunzi, ambazo ni zaidi ya dola 10, lakini nao umedumaa miaka mingi na mara nyingi huja kwa mafungu na kwa kuchelewa, hata walimu wakuu wakaishi kwa kukopa dukani.

Mjumbe wa Kamati
Mwalimu, shikamoo, na ninyi nyote nawashukuru. Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kumshuku mwalimu mkuu wetu. Nitaomba hesabu ya hiyo 310,000 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wazazi waisome kabla hatujawaita kuzungumza nao habari ya paa.