Kiharusi: kazi gani za bustani zinafaa mkono uliodhoofika?

Mwana_wa_Uani: Habari za leo wanajukwaa. Mama ana miaka 61, kiharusi kilimpata miezi 4 iliyopita upande wa kulia. Kiwiko kinakunja, bega linainuka kidogo, vidole vinashika lakini havifunguki vyenyewe. Nyumbani tumeambiwa afinye mpira, na anauchukia. Alikuwa anapenda bustani yake ya mchicha na sukuma. Anaweza kuirudia kama mazoezi? Tuanzie wapi?

Kiganja: Pole kwa kuuguza, ndugu. Anaweza, tena huo mpira uwekeni kando kwanza. Vidole vyake kukunja vinajua. Kinachomshinda ni kuachia, na kupanda mbegu ni kazi ya kuachia.

Msianzie kwenye tuta. Chukua sinia, jaza udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 3 au 4, uweke mezani. Beseni refu juu ya meza ya kawaida hupita kiwiko, halafu bega linapanda hadi sikioni na mkono unazidi kukaza. Mama akae kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni.

Kabla ya kuanza, kiganja cha kulia kilale mezani dakika 2 au 3, mkono wa kushoto ulio mzima ukikinyoosha polepole. Kisha toboa mashimo 10, weka punje 10 za maharage kwenye kifuniko upande wa kulia. Aokote moja kwa kidole gumba na cha shahada, aipeleke juu ya shimo, aachie. Ikigoma kudondoka asiitikise. Ainamishe kifundo cha mkono chini kidogo, vidole vitalegea vyenyewe. Raundi 3, apumzike kati yake, jumla dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Maharage yakishakuwa rahisi, mahindi, halafu bamia. Mchicha uwe wa mwisho: changanya na mchanga mkavu, anyunyize kwa kusugua vidole.

Mtazameni kifua. Akiinamia sinia badala ya kunyoosha kiwiko, mgongo ndio unaofanya kazi, mkono umekaa bure. Lisogezeni karibu.

Shamba_Darasa: Nyongeza: mfungeni ule mkono ulio mzima kwa kitambaa, alazimike kutumia ulio mgonjwa.

Kiganja: Kwa mama huyu hapana. Njia hiyo inahitaji mtu anayeweza kuinua kifundo na kufungua vidole mwenyewe walau kidogo, tena chini ya mtaalamu. Asipoweza atakata tamaa siku ya kwanza. Atumie mikono yote: mgonjwa ushikilie kopo la mche, mzima ujaze udongo. Kiriba cha nailoni hunywea akikibana, kopo gumu ni bora.

Fizio_Pwani: Nakubaliana na Kiganja. Hofu yangu kubwa ni bega. Misuli ikilegea, mfupa wa mkono hushuka kwenye kiungio, kwa hiyo msimwinue kwa kumvuta mkono huo, na ndoo ya maji isining'inie humo. Kumwagilia, chupa ya nusu lita iliyotobolewa kifuniko, ijazwe nusu tu. Jembe la mpini mrefu bado kabisa. Bega likiuma, acheni kazi hiyo na mwambieni mtaalamu wake.

Mpimeni pia hisia: afumbe macho, mguseni vidole aseme ni kipi. Akikosea, avae glavu na asiguse kisu wala miiba, maana atajikata asijue. Na wahini saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kabla ya jua kali, akiwa ameshameza dawa zake za presha.

Mwana_wa_Uani: Asanteni sana. Kijembe cha mkono je, ataanza lini?

Fizio_Pwani: Akiweza kuachia punje zote 10 bila kifua kuinama. Mpini uzungushieni tyubu ya baiskeli hadi ufike unene wa sentimita 3 au 4, mwembamba hukunja vidole kupita kiasi. Achimbe dakika 5 tu, kisha kiganja kirudi mezani kinyooshwe. Vidole vikibaki vimekaza hata baada ya kunyooshwa, kesho arudie mbegu.