Naomba ushauri: walei tugharamie vipi kipindi cha redio?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Sisi ni walei (waumini wasio wachungaji) wachache wa usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hapa Dar es Salaam, na tunatamani sana kugharamia kipindi cha Injili redioni kwa ajili ya vijiji ambavyo mwinjilisti huvifikia kwa nadra. Walei wa Kilutheri wa Marekani, walioungana mwaka 1917, walianza kurusha mahubiri redioni mwaka 1930, na huduma hiyo imevuka mipaka ya nchi yao. Mchungaji ametubariki na ahadi zimeanza kukusanywa, lakini tumekwama katika utaratibu. Je, fedha zipitie dayosisi, au tuingie mkataba na kituo moja kwa moja? Na wasikilizaji watakaoomba kubatizwa, jambo linaloninyima usingizi zaidi, tuwakabidhi kwa nani?